Usiweke akiba kwenye kitabu cha kwanza

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Siaya ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Nimemaliza riwaya ya fantasia, ndo ya kwanza kwa mfululizo wa vitabu vinne. Inahusu msichana wa Kendu Bay ambaye kaka yake amepotelea Simbi Nyaima, kumbe kile kijiji kilichozama bado kiko hai huko chini na sherehe haijawahi kuisha. Watu watatu wameisoma. Mmoja ameipenda sana, mwingine aliachia ukurasa wa 40, wa tatu alifika mwisho akakasirika. Pablisha naye alinijibu laini moja tu, mwanzo mzito, mwisho haupo. Sasa nimekwama. Kitabu kama hiki nguvu yake iko wapi na udhaifu wake uko wapi? Nikate nini, niache nini? Nimekutumia mswada wote."

Mwalimu, asante kwa kutuma mswada mzima. Wengi hutuma chapta tatu za kwanza wakitaka kuambiwa kama kitabu kiko sawa, na kwa kitabu kinachofungua mfululizo hiyo haisaidii, manake cha kwanza unakipima kwa mahali kinamfikisha msomaji na vile kinamwacha. Nimekisoma chote hapa Nakuru, nikarudia chapta ya nne, ya kumi na moja na ya mwisho. Kitabu kiko. Tena naumia nikifikiria unaweza kukitupa kwa droo sababu ya laini moja ya pablisha. Hiyo laini ni ya kweli lakini haikukuambia jambo lenyewe, kwamba mwanzo mzito na mwisho usiokuwepo vimetoka kwa kosa moja. Umeweka akiba. Uliogopa vitabu vitatu vinavyofuata vitakosa cha kusema, ukavificha vitu vyako vizuri viwe vya huko mbele, halafu pale ulipovitoa pakabaki wazi ukapajaza maelezo.

Nianze na nguvu zake, sababu mtu akianza kukata kabla ya kujua kizuri kiko wapi atakata hicho hicho.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Simbi Nyaima ni ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, maji yake ya kijani na ya magadi. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, usiku mmoja watu wakiwa kwa sherehe ya pombe na ngoma ajuza mmoja akapita akiomba mahali pa kulala, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu ndo alimpokea. Huyo akaambiwa atoke na watu wake, mvua ikashuka, kijiji kikazama na kila mtu aliyebaki. Hii hadithi kila mtoto wa Nyanza ameisikia, na waandishi wengi wakiichukua huwa wanaisimulia tena vile ilivyo na kuongeza mapambo. Wewe hukufanya hivyo. Uliuliza swali ambalo sijawahi kuliona kwa mswada mwingine: sasa ile sherehe iliishaje? Ukajibu kwamba haikuisha, kwamba wale watu bado wanacheza na hakuna hata mmoja anayejua amezama. Hilo wazo peke yake linaweza kubeba vitabu vinne, sababu msomaji anaogopa kwa niaba yao na pia anawakasirikia.

Halafu kuna chapta ya nne. Msichana anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni asubuhi, Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, iko mbele yake, na ngoma inasikika kutoka nyuma, upande wa nchi kavu, upande wa Simbi. Kaka yake alikuwa mpiga ngoma. Umeandika: "Ilipiga mbili, ikasita, ikapiga ya tatu kwa kuchelewa, na hapo nikaujua ule mkono." Niliposoma hiyo sentensi niliweka kalamu chini. Hakuna mzimu uliomtokea, hakuna mganga amekuja kumwambia yeye ndo aliyechaguliwa, ni dada tu anaujua udhaifu wa kaka yake kwa ngoma, ule aliokuwa anamcheka nao nyumbani, na ndo unamwambia kijana hajafa. Fantasia nzuri inaingilia hapo hapo, kwa kitu ambacho mtu anakijua kwa masikio yake. Usiiguse hiyo chapta. Hata kama mtu atakuambia uongeze upepo na radi, kataa.

Nguvu nyingine ni bei ya uchawi wako. Kila akishuka chini anapoteza sauti ya mtu mmoja anayemjua, yaani uso anaukumbuka, jina analikumbuka, lakini sauti ikija sikioni ni ya mgeni. Anaanza kupoteza ya mama anayemuuzia unga, kisha ya mwalimu wake, na kufikia chapta ya kumi na nne mamake mzazi anamuita kutoka jikoni naye anageuka kuangalia ni nani ameingia kwao. Mwalimu, hapo umeshika kitu ambacho masimulizi yetu yamejua tangu zamani. Luanda Magere, shujaa wa Waluo, alikuwa mwili wa jiwe lakini kivuli chake kikawa ndo kifo chake. Liyongo wa kule Pwani hakuna silaha iliyomuweza isipokuwa sindano ya shaba kwa kitovu. Uwezo usio na tundu haumshiki msikilizaji, sababu hakuna cha kuhofia, na wasimulizi wetu walilijua hilo bila kusoma kitabu cha mtu.

Ndo maana chapta ya kumi na tisa imeniudhi. Anashuka mara mbili siku moja na hapotezi chochote! Nimerudia nikidhani nimeruka ukurasa. Sijui kama ulisahau ama ulimhurumia, lakini ukivunja bei yako mara moja, msomaji hataogopa tena hadi mwisho wa kitabu, na kwa mfululizo ni mbaya zaidi sababu ataingia cha pili akijua mwandishi anaweza kusamehe deni akitaka. Mlipishe. Mlipishe sauti mbili.

Sasa twende kwa huyo msomaji aliyeachia ukurasa wa 40. Chapta ya nne, ile ya ngoma, inaanza ukurasa wa 43. Aliacha kitabu akiwa amebakisha kurasa tatu tu afike mahali kinaanza. Hizo kurasa zote za kabla ni "Tangu zama za zama, kabla falme saba za chini hazijagawanyika," wafalme tisa na wake zao, sheria za malango, vita ambavyo hakuna mtu kwa kitabu hiki anavipigana. Naelewa kwa nini. Wewe ni mwalimu, umezoea darasa lielewe kwanza ndo lipewe zoezi. Lakini msomaji wa hadithi anafanya kinyume, anataka kwanza apate mtu wa kumhangaikia, akishampata atakubali kuelezwa chochote kinachomhusu huyo mtu. Kabla ya hapo wafalme tisa ni majina tu.

Najua utaniambia Shaaban Robert kwenye Kusadikika, ile ya 1951, alianza kwa kutueleza nchi yenyewe. Ni kweli. Ila kile ni kitabu chembamba na nchi ndo habari yenyewe, yeye alikuwa anaishtaki serikali ya huko na mahakama yake, wewe unamfuata msichana mmoja anayetafuta kaka. Kila kitabu kianze na kile kinachokihusu.

Nilipitia hizo kurasa za mwanzo na kalamu nikaweka alama kwa kila kitu ambacho kinahitajika baadaye kwa kitabu hiki. Ni mambo manne. Manne tu, na yote yana mahali pazuri zaidi pa kuingia. Nikuonyeshe moja. Ukurasa wa 17 unatuambia, ndani ya orodha ya sheria, kwamba kule chini hakuna anayekaa, wote wamesimama miaka yote sababu walimnyima mgeni mahali pa kupumzika. Nilisoma hiyo nikasema huyu mtu ana kipaji, halafu nikasikitika vile umeizika kati ya sheria ya sita na ya nane. Itoe hapo. Mwache msichana ashuke mara ya kwanza akiwa amechoka, amelowa, magoti yanatetemeka, aangalie pale uwanjani atafute kigoda, akose. Aangalie kwa nyumba ya kwanza, akose. Aone mzee wa miaka mingi ameegemea ukuta na miguu imevimba na bado anatabasamu na kibuyu mkononi. Asielezwe kitu. Aondoke akijiuliza, na msomaji ajiulize naye, mpaka chapta mbili mbele mtu amwambie kwa sentensi moja. Hiyo ni sheria ile ile lakini sasa inaumiza.

Katikati ya kitabu kuna tatizo la aina nyingine, nalo nitalisema haraka sababu dawa yake ni rahisi. Umetutembeza. Kutoka Kendu Bay wanaenda Kisumu, wanafika Kit Mikayi kule Seme, wanapanda mpaka jiwe linalolia la Ilesi kule Kakamega, wanakuja mpaka huku kwetu Menengai, halafu wanarudi. Mahali pote ni pazuri na umepaandika vizuri, ule mvuke wa Menengai alfajiri nimeupenda kwelikweli, lakini toa chapta moja moja uone kama inayofuata itatetereka. Ukitoa Kit Mikayi, itatetereka, manake pale ndo anajifunza kumuuliza mzee swali bila kulitamka. Ukitoa Ilesi anapoteza yale maji ya jiwe, ambayo hayatumiki popote. Ukitoa Menengai hakuna kinachopotea, anarudi Nyanza na kile kile alichokuja nacho. Mimi naishi chini ya huo mlima na bado nakuambia uutoe. Huo haukuwa wa akiba, ni mzigo tu, na kukata mzigo si sawa na kuficha jibu, hilo tusilichanganye.

Majina pia. Una Otieno, Odhiambo, Ochieng, Onyango, Omondi na Okoth, na watatu kati yao wanaongea kwa chapta moja. Sisi wa huku hatuoni shida sababu tumekua nao, lakini msomaji wa Mombasa ama Dodoma atakuwa anarudi nyuma kila saa kuangalia nani ni nani. Mwite mmoja kwa kazi yake, mwingine kwa jina la utani la beach, na yule mama wa Seme mwite Nyaseme vile wangemwita pale mtaani. Jina kamili mwachie yule ambaye lazima akumbukwe.

Na maongezi, mwalimu. Makanga wako wa matatu anasema "Ewe dada, tafadhali nipishe nipite." Hakuna makanga amewahi kusema hivyo kwenye barabara ya Kendu Bay. Lugha ya msimulizi wako ni safi na inafaa ibaki safi, inampa msichana heshima, lakini ukifungua alama za kunukuu waache watu waongee vile wanaongea. Wale wa chini kwa maji ndo wanafaa kuongea Kiswahili cha zamani, tena hapo utapata faida, msomaji atasikia kwa masikio kwamba amevuka.

Nimefika kwa jambo kubwa. Chapta ya kumi na moja, msichana amepanda matatu kuelekea Kisumu, imejaa, amekalia kiti cha mwisho na karai la omena mapajani. Pale Katito anapanda ajuza. Anamwangalia msichana, anamwomba kiti. Msichana anasema ana haraka, kaka yake amepotea, hana nguvu ya kusimama, na anaangalia dirishani. Ajuza anasimama mpaka Ahero, ameshika chuma cha juu na mkono unaoteleza teleza, kisha anashuka bila kusema neno. Basi. Hatumwoni tena kwa kitabu chote. Nilipomaliza nikafungua ile muhtasari uliyoambatanisha nikakuta umeandika kwamba huyo ndo ajuza wa Simbi mwenyewe, na kwamba msomaji atajua kwenye kitabu cha tatu.

Cha tatu! Mwalimu, hilo ndo tukio bora zaidi uliloandika. Mtu ambaye tumempenda tangu chapta ya nne amefanya dhambi ile ile iliyozamisha kijiji, amemnyima mgeni mahali pa kukaa, na amefanya hivyo kwa sababu ambayo hata mimi ningeifanyia. Sasa unataka msomaji angoje miaka mingapi kulijua hilo? Na atakumbuka vipi mama mmoja wa kwenye matatu?

Mwisho wako wa sasa uko hivi: amefika chini mara ya mwisho, anasikia ngoma, anajua kaka yake yuko nyuma ya mlango, "akanyoosha mkono, akaugusa mlango." Hapo kitabu kimekwisha. Ni kama makanga akuambie gari ni ya Kisumu halafu akushushe Ahero na nauli ashachukua. Yule msomaji wako wa tatu aliyekasirika, mshukuru, yeye ndo alisoma kwa makini kuliko wote, alikasirika sababu alikuwa amejali.

Wanaotetea mwisho wa aina hii huwa wananitajia Tolkien, kwamba kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings kinaisha safari ikiwa katikati na dunia nzima ikakipenda. Ni kweli kinaisha hivyo, lakini angalia vile ilienda. Yeye aliiandika kama kazi moja, wachapishaji ndo walioigawa mara tatu, gharama ya karatasi baada ya vita ikiwa ni sababu moja kubwa. Sehemu ya kwanza ilitoka Julai 1954, ya pili Novemba mwaka huo huo, ya tatu Oktoba 1955. Msomaji alingoja miezi, na kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Wewe cha pili hujakianza.

Linganisha na Nnedi Okorafor, mwandishi wa fantasia mwenye asili ya Nigeria. Akata Witch ilitoka 2011, iliyofuata ikatoka 2017. Katikati hapo kuna miaka sita, na watu wakaendelea kuisoma ile ya kwanza na kupeana, sababu watoto wanne wa hadithi hiyo walikuwa wamepewa adui wao na wakakabiliana naye ndani ya kitabu kile kile. Kulibaki mengi ya kujua, lakini hakuna aliyehisi amedanganywa.

Kwa hivyo kitabu cha kwanza kina swali lake na mfululizo una swali lake, na ni maswali mawili tofauti. Swali la kitabu chako cha kwanza ni kama atampata kaka yake. Hilo uliliuliza kwenye chapta ya nne na lazima ulijibu hapa hapa, ndiyo ama hapana, kwa njia ambayo hairudi nyuma. Swali la mfululizo ni lile kubwa zaidi, nini kitatokea wale watu wakijua wamezama, na hilo linafaa lianze kuuma ukurasa wa mwisho, msomaji akidhani ameshiba.

Nimekaa na chapta yako ya mwisho nikijaribu kuona kama vifaa viko ama ningekuambia uvitafute kwingine, na viko vyote, umeviandika mwenyewe bila kuviunganisha. Kuna ajuza aliyenyimwa kiti kwenye matatu. Kuna kijiji ambacho hakuna anayekaa. Kuna ngoma. Mwache msichana afungue mlango, amkute kaka yake anapiga na mikono imechubuka, hawezi kuacha sababu sherehe haiishi. Mwache ajuza aingie kutoka gizani, yule yule, aombe mahali pa kukaa, pale pale alipoomba mara ya kwanza. Uwanja mzima umnyamazie. Msichana amtambue, na atambue alichofanya njiani. Hakuna kigoda kijiji kizima, sisi tunajua hilo tangu aliposhuka mara ya kwanza. Kuna kitu kimoja tu ambacho mtu anaweza kukalia, nacho kiko kati ya magoti ya kaka yake. Ainyang'anye ile ngoma, aigeuze, amkalishe mgeni.

Ngoma inyamaze. Na ikinyamaza, wale watu wasikie maji juu ya vichwa vyao kwa mara ya kwanza.

Hapo kaka yake amepatikana, anaweza kutoka naye. Bei italipwa pia, na unajua ni sauti ya nani atapoteza. Huyu kijana atakuwa anamwita njia nzima ya kurudi na yeye anasikia mgeni, ila pale nyumbani akigonga gonga meza kwa vidole, mbili, kusita, ya tatu imechelewa, dada atamjua. Na huku nyuma umeacha kijiji kizima cha watu ambao sasa wanajua, wamekasirika ama wamejuta, wengine wameanza kuangalia juu. Nani hatanunua kitabu cha pili?

Ni hadithi yako, na ukiona njia nyingine ichukue. Ninachotaka uone ni kwamba hofu yako ya kubaki mikono mitupu haina msingi. Ukilitoa jibu la ajuza sasa, hujapoteza kitabu cha tatu, umepata maswali ambayo hukuwa nayo: alitoka wapi, amenyimwa kiti mara ngapi kwingine, na kuna maziwa mangapi kwenye Bonde la Ufa na Nyanza ambayo chini yake kuna sherehe. Jibu zuri huzaa. Lile ulilolifungia hadi cha tatu litakaa tu, na wewe mwenyewe utalichoka kabla ya kulifikia.

Adui naye nimtaje. Yule mkuu wa sherehe, anayemfanya kila mtu aendelee kucheza, anaonekana kwenye kurasa mbili na umeandika pembeni kwamba atakuja vizuri kwenye cha pili. Mlete mapema. Si lazima ashindwe, anaweza kubaki na nguvu zake zote na hata kuwa mbaya zaidi baada ya ngoma kunyamaza, lakini lazima amtazame huyu msichana usoni na amtake kitu. Mimi ningempa sababu ya kweli ya kutotaka sherehe iishe, manake yeye peke yake ndo anajua wamezama. Anawaficha. Pengine anadhani anawahurumia. Ukimwandika hivyo, hata mimi nitashindwa nimchukie vipi.

Urefu: mswada una maneno 146,000. Kwa mwandishi ambaye jina lake halijulikani hiyo ni nyingi, na sisemi hivyo kwa ajili ya sheria ya mtu. Harry Potter ya kwanza, ya 1997, ina maneno kama 77,000, na ile ya tano ya 2003 imepita 250,000. Wasomaji walikubali unene baada ya kumwamini mwandishi. Ukitoa kurasa za mwanzo, Ilesi na Menengai, na ukikaza yale mazungumzo ya Kisumu ambayo wanapanga jambo moja mara tatu, utafika karibu 95,000, na hapo ndani bado una nafasi ya mwisho mpya.

Upande wa pablisha, usiuze vitabu vinne. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule na riwaya ya fantasia ya Kiswahili kwao ni bahati nasibu, ukiwaambia wajifunge kwa vinne watarudi kwa laini moja ile ile. Tuma kimoja kilichokamilika, muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mwisho wazi bila kuficha, na sentensi moja tu kwamba hadithi inaweza kuendelea. Pia kuna tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na mwaka ambao mswada wako utakuwa tayari ungefaa uangalie tarehe zao.

Kitu kidogo cha mwisho, chapta ya sita kuna mvulana anavua ngege ndani ya Simbi. Yale maji ni ya magadi, flamingo ndo hushuka pale, na mtu wa Kendu Bay akisoma atakufungia kitabu hapo hapo. Mpeleke huyo mvulana ziwa kubwa, ni karibu tu, hadithi haitabadilika. Ukianza kurekebisha anza na chapta ya mwisho, nitumie hiyo kabla ya nyingine zote, tukishakubaliana nayo ndo tutajua yale mambo manne ya mwanzo yaingie wapi.